Mkono wa nani huu? Kulinganisha madarasa ya uchoraji ya watoto Kisumu

Mwaka jana binti yangu alitimiza miaka kumi, na mwezi huohuo akaanza kuharibu madaftari. Si kwa kuchora, kwa kufuta. Anachora mbuzi wa jirani, anafika kwenye mguu wa nyuma, anaufuta, anauchora tena, anaufuta, mpaka karatasi inachanika. "Haifanani, Mama." Mdogo wake wa miaka sita ameketi pembeni. Mbuzi wake ana miguu sita na mkia unaotoka shingoni, na anamwonyesha kila anayepita mlangoni.

Mwalimu wa darasa wa yule mkubwa aliniambia nisishtuke. Kwenye miaka tisa, kumi, kumi na mmoja ndipo watoto wengi huanza kutaka mchoro ufanane na kitu chenyewe, na mkono bado haujui njia. Wengine huacha kuchora hapohapo, wakawa wale watu wazima wanaosema "mimi hata mstari siwezi." Nikaanza kutafuta darasa.

Tunaishi Mamboleo. Kwa miezi mitano hivi nimezunguka: klabu ya shule, madarasa mawili ya Jumamosi mjini, mwalimu wa kuja nyumbani, fundi wa mabango, mama mfinyanzi, na video za simu. Sasa majirani wananiuliza niliishia wapi, na kila mmoja namjibu tofauti, maana mtoto wake si wangu na mfuko wake si wangu. Nimeona heri niyaweke yote pamoja.

Kabla ya bei, angalia ukuta

Darasa la kwanza la Jumamosi nililotembelea lilikuwa na chumba kizuri kweli. Ghorofa ya pili, feni mbili, viti vidogo vya rangi, sabuni kwenye sinki. Ukutani kulikuwa na twiga ishirini na mmoja. Niliwahesabu. Wote wanatazama kushoto, wote wana mgunga upande wa kulia na jua nusu kwenye kona. Kilichotofautiana ni majina yaliyoandikwa chini. Mwenye darasa alijivunia: "Ona walivyo nadhifu, mama."

Na walikuwa nadhifu. Nilipoketi nione kipindi ndipo nikaelewa unadhifu ulikotoka. Umbo la twiga lilitolewa fotokopi, watoto wakapewa rangi tatu zilizokwisha kuchanganywa, kisha msaidizi akawa anapita na brashi yake akirekebisha pale mtoto alipovuka mstari. Binti yangu akarudi nyumbani na twiga wa ishirini na mbili. Alimbandika mlangoni, siku ya tatu akambandua. Nilipomwuliza kwa nini, akasema yeye hajawahi kumwona twiga.

Darasa la pili lilikuwa kwenye chumba cha nyuma cha jengo la kawaida, bila feni, meza zimejaa madoa. Ukutani kulikuwa na birika. Birika moja, michoro minane, na katika kila mchoro mdomo wa birika umeelekea kwingine, kwa sababu kila mtoto aliketi upande wake wa meza na kuchora alichokiona kutoka pale. Moja lilikuwa limepinda kama limekanyagwa na lori. Mwalimu hakuligusa. Aliandika tarehe nyuma ya karatasi akalibandika pamoja na mengine.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoitafuta sasa kila mahali, na haihitaji ujuzi wa sanaa kuiona. Michoro ya watoto ishirini ikifanana, mkono uliochora ni mmoja, na si wa mtoto wako. Ila usikimbilie upande wa pili pia. Ukuta ambao kila mtoto amepaka anavyotaka, mwezi wa kwanza na wa sita hakuna tofauti, ni ukuta wa mahali pa kulelea watoto mzazi akienda sokoni. Hilo nalo ni huduma, sikatai, ila lipia bei ya kulea mtoto, usilipie bei ya kufundishwa. Tarehe nyuma ya karatasi zinasaidia hapo. Omba kuona kazi za mtoto mmoja za miezi mitatu, zikiwa zimepangwa. Mwalimu anayefundisha atakuwa nazo. Anayepamba ukuta atakuonyesha ile nzuri kuliko zote.

Klabu ya shule

Hii ndiyo rahisi kuliko zote, na kwa wengi inatosha. Mtoto yuko palepale, nauli hakuna, mwalimu unamjua. Sanaa imo kwenye mtaala wenyewe tangu gredi za chini, na kuanzia sekondari ya juu, ambako kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia Januari 2026, njia ya sanaa na michezo ni mojawapo ya zile tatu ambazo mwanafunzi anaweza kuzifuata. Ndiyo maana wazazi waliokuwa wakisema uchoraji ni mchezo sasa wanauliza bei.

Kasoro yake ni ileile ya mkono. Mzazi yeyote mwenye mtoto wa CBC, huu mtaala wa umilisi, anakumbuka ile sanamu ya kutishia ndege. Shule iliagiza mtoto aitengeneze. Saa tatu usiku ni mama anayeshona shati kwenye kijiti, baba anatafuta kofia kuukuu, na mtengenezaji rasmi amelala zamani. Mimi mwenyewe nimepata alama nzuri sana za Gredi ya 4. Kwa hiyo ukiuliza kuhusu klabu, uliza kazi inafanyiwa wapi. Kama inafanyiwa shuleni, kwa vifaa vilivyopo shuleni, mwandikishe kesho. Kama klabu maana yake ni orodha ya vitu vya kuleta Jumatatu, basi umeandikishwa wewe.

Uliza pia idadi. Klabu ya watoto arobaini na mwalimu mmoja ambaye somo lake hasa ni Hisabati itampa mtoto wako karatasi, muda na marafiki. Kwa mtoto wa miaka sita hayo ni mengi. Kwa yule anayefuta hadi karatasi ichanike, hayatoshi. Anahitaji mtu wa kuketi kando yake dakika mbili amwonyeshe kwamba mguu wa nyuma wa mbuzi haupindi kama wa mbele.

Darasa la Jumamosi

Nimeshayaeleza mawili. Nyongeza ni kuhusu rangi, kwa sababu hapo ndipo darasa zuri na baya hutengana haraka zaidi. Angalia mtoto anapewa rangi ngapi. Boksi la rangi ishirini na nne hupendeza kwenye picha za matangazo, ila linamnyima mtoto kazi. Mwalimu wa birika huweka nyekundu, njano, bluu na nyeupe kwenye vifuniko vya chupa, basi. Ukitaka kijani, kitafute. Ukitaka kahawia ya udongo wa barabara, itafute pia. Nyeusi haipo mezani mwezi wote wa kwanza, kwa sababu mtoto akiwa nayo kila kivuli kinakuwa masizi.

Jumamosi moja aliwapeleka Dunga, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, kabla jua halijawa kali, wakaketi kwenye kingo za boti zilizovutwa ufuoni. Kazi ilikuwa kupaka maji tu. Si boti, si ndege, maji. Watoto wote wanane wakachovya bluu moja kwa moja. Mwalimu hakusema kitu, akateka maji ya ziwa kwenye mtungi wa kioo akauweka juu ya karatasi nyeupe. Kimya. Kisha mvulana mmoja akasema, "Lakini hii si bluu." Ni ukweli ambao sisi wa Kisumu tunaishi nao bila kuuona. Ghuba ya Winam, upande wetu wa ziwa, ina tope na mwani, maji yake ni ya kijani iliyochanganyika na kahawia, na mvua kubwa zikinyesha juu huko na mito ikifurika huwa kama chai ya maziwa. Binti yangu alitumia nusu saa kutafuta rangi ile. Alipoileta nyumbani, shangazi yake aliyetutembelea akacheka: "Ziwa gani la kijani hili?" Nami nikasubiri kuona kama atakwenda kuchukua raba. Hakwenda. Alimwambia, "Shangazi, twende nikuonyeshe."

Sasa gharama, maana darasa hili si la bure. Bei inayotangazwa si bei unayolipa. Tuseme kipindi cha saa mbili ni shilingi 500. Pikipiki kutoka kwenu hadi mjini tuseme ni 100. Ukimpeleka, ukarudi nyumbani, ukaenda kumchukua, ukarudi naye, hizo ni safari nne: 400. Kipindi kimekuwa 900, na bado hujaulizwa ada ya kujiandikisha wala hujaambiwa kama karatasi zimo ndani. Darasa la 700 lililo hatua kumi kutoka kituo cha matatu yenu, ambako unaweza kumsubiri huku ukifanya ununuzi wako soko la Jubilee, linaweza kuwa rahisi kuliko lile la 500. Na uliza kama unalipia muhula mzima au kila unapohudhuria. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, kuna Jumamosi hamtatoka nyumbani. Ukishalipia muhula, mvua ile umeilipia wewe.

Jambo jingine la haraka, lisilo na mjadala: usalama. Mlango uwe wazi au wa kioo, kuwe na mtu mzima wa pili, ujue ni nani anayewapeleka watoto msalani. Cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi si tusi kukiuliza, na mwalimu mzuri atakuwa nacho kwenye faili. Mfundishe mtoto na namba 116, ya kuwasaidia watoto, isiyolipiwa.

Mwalimu wa kuja nyumbani

Nilimjaribu mmoja kwa wiki nne, kijana aliyemaliza chuo, mpole, anayejua kuchora sura za watu hadi unashtuka. Faida ni dhahiri: hakuna safari, na mtoto mwenye haya hafichi daftari. Wazazi wa watoto wawili au watatu jirani wakichanga, bei inashuka karibu na ya mjini.

Ila nyumbani kuna mimi. Nilikuwa napita na chai, natoa maoni. Binti alikuwa anaangalia uso wangu kabla ya kuangalia karatasi. Na hakuna birika la jirani la kulinganisha na lake. Mtoto anajifunza mengi kwa kuchungulia karatasi ya mwenzake, na kwa kuona kwamba mwenzake naye anakosea. Mwalimu huyu ningemchukua kwa sababu moja tu, mtoto wa kidato anayeandaa kazi za kuonyesha ili aendelee na sanaa. Huyo anahitaji saa zake mwenyewe.

Fundi wa mabango

Hapa ndipo majirani hunikodolea macho. Nilimpeleka mtoto wangu kwa fundi anayeandika vibao vya maduka karibu na Kibuye, likizo ya Agosti, asubuhi tatu kwa wiki, nami nikiwa kwenye kibanda cha rafiki yangu hatua chache kutoka pale. Si darasa. Hakuna tangazo wala ada. Tulikubaliana, nikampelekea chai na mandazi, na mwisho wa mwezi nikampa alichostahili.

Kazi yake inapungua, kila mwenye duka siku hizi anataka bango la plastiki lililochapishwa kwa mashine. Lakini boti bado huandikwa majina kwa mkono, na kuta za hoteli, na milango ya mabati. Siku ya pili alikuwa anaandika DUKA LA DAWA. Alipiga mistari kwa kamba iliyopakwa chaki, akaivuta, akaiachia, mstari ukajichora ukutani. Binti akamwuliza kwa nini hapimi nafasi kati ya herufi kwa rula. Fundi akamwambia ajaribu mwenyewe kwenye kipande cha katoni, kwa rula, sentimita moja kila mahali. Akaandika DAWA. Wakaiegemeza ukutani, wakarudi nyuma hatua kumi.

"Unaona nini?"

"Imevunjika. Kama ni DA, halafu W, halafu A."

"Kwa sababu A inaegemea huku, na W inaegemea hukuhuku. Zimeachiana bonde katikati. Zisogeze. Rula haioni bonde, jicho ndilo linaona."

Nimemlipia mtoto huyu masomo ya miaka, sijawahi kuona kitu kikimwingia kwa kasi ile. Alikwenda akasahihisha vibao vyote vya barabara ya Kondele kwa mdomo, tukiwa kwenye matatu. Na cha ajabu ni kwamba aliacha kufutafuta. Fundi hana raba. Ukikosea kwenye ukuta unasubiri ikauke, unapaka juu.

Ulinganishe basi na darasa la Jumamosi. Fundi anamfundisha mtoto kutazama kutoka mbali, kushika brashi bila kutetemeka, kumaliza kazi kwa sababu mwenye duka anaisubiri. Hamfundishi kivuli, wala kuchora kitu kilicho mbele yake, wala kubuni. Hana subira ya mtoto chini ya miaka tisa, na asijifanye anayo. Rangi yake ni ya mafuta, na inazimuliwa kwa thina. Hiyo si rangi ya mtoto. Sharti langu lilikuwa penseli, chaki na rangi ya maji tu, na kwamba thina ikifunguliwa mtoto awe upande upepo unakotoka au aje kibandani nilipo. Kama huwezi kuwa karibu mwenyewe, njia hii iache. Pale hakuna daftari la mahudhurio wala mlango wa kioo.

Udongo

Nilimtafuta mama mfinyanzi kwa ajili ya yule mdogo, ambaye penseli humchosha baada ya dakika kumi lakini tope halimchoshi kamwe. Ufinyanzi kwetu ni kazi ya akina mama tangu zamani. Dapi, chungu cha kuwekea maji, liko kwenye nyumba nyingi za vijijini mpaka leo, hata kama jokofu liko pembeni. Unaanza na kitako, kisha unazungusha kamba za udongo moja juu ya nyingine, unaziunganisha kwa kidole, unalainisha kwa kokoto au kipande cha kibuyu. Gurudumu halihitajiki. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Kenya mwaka 1950 na ambaye vyungu vyake viko kwenye majumba makubwa ya makumbusho duniani, hufinyanga kwa mkono vivyo hivyo. Ninalitaja hili kwa wazazi wanaodhani sanaa ni ile inayofanyiwa kwenye chumba chenye feni.

Shida ya udongo ni kwamba chombo hakiji nyumbani siku hiyo. Lazima kikauke kivulini polepole, wiki moja au mbili, ndipo kichomwe kwa kuni na nyasi, na kama ndani bado kuna unyevu, kinapasuka motoni. Vya mwanangu vitatu, viwili vilipasuka. Alilia kwa cha kwanza. Kwa cha pili alitaka kuviona vipande. Kama mtoto wako anataka kwenda na zawadi mkononi kila Jumamosi, udongo utamuudhi. Kama anapenda kusubiri kuona kilichotokea, hakuna kinachoushinda.

Kabla hamjaanza, mpeleke Jumba la Makumbusho la Kisumu, kwenye barabara ya kuelekea Nairobi. Limekuwepo tangu 1980, lina boma zima la Kiluo pamoja na vyungu, vikapu na zana za watu wa magharibi. Mtoto akishaona chungu kimekaa juu ya figa anaelewa kwa nini kitako ni cha mviringo, jambo ambalo kwenye meza ya darasa linaonekana kama makosa. Wangu alitaka zaidi kuwaona nyoka, na tulianza na nyoka.

Kwa aliye upande wa Kisii, Tabaka na mawe yake ya sabuni hufanya kazi ileile. Jiwe ni laini kiasi cha kuchongwa kwa kisu, na mtoto anaweza kupewa kulisugua kwa msasa kabla ya kufikiria kuchonga. Msasa uwe wa maji, jiwe liloweshwe, kwa sababu vumbi lake halifai kwenye mapafu ya mtu. Na huku kwetu Dunga wapo wasukaji wa mafunjo na gugumaji, lile gugu tulilolilaani tangu miaka ya 1990 linapoziba ziwa. Vidole vya mtoto wa miaka minane vinaweza kusuka utepe wa gugumaji lililokaushwa ndani ya asubuhi moja. Ni mazoezi mazuri ya mkono, ila mchoro hayatafundisha.

Simu

Video ni za bure, ukiacha bando. Zipo za kufundisha kwa hatua: chora duara, ongeza mstari, tayari sungura. Binti yangu alichora sungura kumi na wawili wa namna hiyo, wote sahihi, na bado mbuzi wa jirani akamshinda, kwa sababu yule sungura hakutoka kwenye sungura bali kwenye mkono wa mtu mwingine. Ni twiga walewale, wamekuja kwa skrini. Video nilizoona zinafaa ni zile za mbinu: jinsi ya kushika penseli kwa ubavu, jinsi maji yanavyotembea kwenye rangi, jinsi ya kuchanganya. Dakika kumi, kisha simu inazimwa na kitu cha kweli kinawekwa mezani.

Kwa umri, bila kuzunguka

Chini ya miaka saba, usilipe darasa la mjini, nenda kanunue karatasi. Manila moja ikikatwa vipande vinne ni ubao wa siku nne, na maduka ya kuchapisha mjini huwa na mabaki ya karatasi yaliyokatwa pembeni. Omba kwa heshima, nenda mwisho wa siku. Penseli iwe 2B au 4B, si ile ngumu ya kuandikia, mtoto asilazimike kukandamiza. Klabu ya shule na siku chache za udongo zinamtosha. Huyu wangu wa miaka sita ndipo alipo, na mbuzi wa miguu sita bado anazaana.

Miaka saba hadi tisa, klabu ikiwa nzuri, baki nayo. Ikiwa ni ya orodha za Jumatatu, tafuta darasa dogo la Jumamosi na umpeleke mara mbili kwa mwezi. Kila wiki si lazima, na hiyo ya katikati ndiyo atakayochora mwenyewe.

Kumi hadi kumi na mitatu ndipo pesa ina kazi. Hapo ukiwa na uwezo wa kitu kimoja tu, kiwe darasa la birika: watoto wasiozidi kumi, kitu cha kweli mezani, mwalimu asiyegusa karatasi ya mtoto. Tazama hilo la mwisho kwa macho yako. Mwalimu akitaka kuonyesha, achore pembeni, kwenye karatasi yake. Akichukua penseli kwenye mkono wa mtoto na kumalizia yeye, umelipia mchoro wa mwalimu.

Kwa mkubwa zaidi ambaye ameshasema anataka njia ya sanaa, changanya mwalimu wa peke yake na fundi, na aanze kupaka kwenye kitambaa. Kanvasi ya dukani ni ghali. Wachoraji wengi hapa hununua merikani kwa mita, wakaipigilia kwenye fremu ya mbao na kuipaka rangi nyeupe ya maji ya ukutani iliyotiwa gundi ya mbao. Ikikauka, inapigwa msasa kidogo, inapakwa tena.

Chochote utakachochagua, lipia kipindi kimoja kwanza, na ukae mwisho wa chumba bila kuongea. Mwenye darasa akikataa mzazi asikae hata siku ya kwanza, jibu umeshalipata. Ukifika nyumbani usimwulize mtoto kama alifurahia, atasema ndiyo kwa sababu kulikuwa na biskuti. Mwambie akuonyeshe sehemu aliyohangaika nayo. Twiga hawakuwa na sehemu hiyo. Kwenye birika alinionyesha mara moja: pale mpini unaposhikana na tumbo, karatasi imekwaruzika.

Sisi tumeishia hivi: Jumamosi mbili za darasa kwa mwezi kwa mkubwa, fundi kila likizo, udongo kwa mdogo mama mfinyanzi anapokuwa na tanuri la kuchoma. Muhula ujao mwalimu wa birika anahamishia darasa upande wa Milimani, ambako kuna kivuli na maji ya bomba, na kwetu nauli itaongezeka. Nimeshamwambia binti yangu tutakaa chini tuhesabu upya.